Mama Sindano Apima Tela

Mama Sindano alikuwa fundi cherehani mwenye ulimi mkali na mkono mwepesi. Mteja akiingia, alimtazama mara moja tu. "Kiuno chako themanini na nne. Usibishe," alisema. Na mara nyingi alipatia.

Mwaka huo yeye na mumewe, Mwalimu, walikuwa na jambo lao. Walikuwa wamenunua tela kuukuu la kulala. Lilikuwa chumba kizima juu ya magurudumu, chenye vitanda viwili na jiko dogo, la kuvutwa na gari. Mama Sindano alilishonea mapazia ya buluu. Baada ya miaka ishirini na minane ya kazi, walitaka kupumzika ziwani wiki nzima.

Mwalimu alikuwa amefanyiwa upasuaji wa macho, na daktari alimkataza kushika usukani. Basi dereva angekuwa Mama Sindano. Leseni ya kuvuta tela alishaipata, tena kwa mtihani wa kwanza.

Mdogo wake Mwalimu hakukubali.

"Shemeji, tela si cherehani," alisema. "Jumamosi nakuja kuendesha mimi. Wewe kaa kiti cha nyuma, uangalie miti."

"Njoo," Mama Sindano akamjibu. "Miti utaiangalia wewe."

Alijibu kwa mzaha, lakini maneno yale yalimchoma. Alitaka sana aendeshe mwenyewe katika safari ile.

Tatizo lilikuwa vioo. Tela lilikuwa pana kuliko gari, na vioo vya gari vilionyesha ukuta wa tela tu. Mama Sindano akaenda dukani kutafuta vioo vya kuongezea, vile vinavyofungwa juu ya vioo vya gari. Alirudi na viwili vyenye ukingo wa buluu.

"Umepima?" Mwalimu akauliza.

"Nipime nini, mume wangu? Jicho langu lini limenidanganya? Na tazama, vimeoana na mapazia!"

Alhamisi asubuhi walilipeleka tela kwenye uwanja wa wazi kufanya mazoezi. Jirani yao aliwafuata kwa baiskeli. Alikuwa dereva wa malori ya mafuta, na watu walimwita Breki. Mama Sindano aliendesha taratibu. Akatazama vioo, akaona vinatikisika, lakini hakuona mtu. Akaanza kukata kona.

Ghafla tela likapigwa makofi kwa nguvu.

"Simama! Simama, dada!"

Akakanyaga breki. Jirani alikuwa pembeni kabisa mwa tela, ameiangusha baiskeli yake.

"Kaka, umeumia?"

"Sijaumia. Hukuniona?"

"Sikuona hata kofia yako."

Mama Sindano alizima gari. Angekuwa mtoto anayetoka shule je? Alishuka akaketi kwenye nyasi. Aliona aibu, na yeye hakuwa mtu wa kuona aibu ovyo.

"Labda shemeji yangu alisema kweli," alisema.

"Kweli gani? Unaendesha vizuri. Vioo ndivyo vibaya," alisema Breki. "Hebu niambie. Mtu akitaka gauni, unaanza kupima wapi?"

"Mahali palipo papana zaidi."

"Na tela ulilipima wapi?"

Mama Sindano akachomoa tepu yake mfukoni. Tela lilikuwa na upana wa sentimita mia mbili na thelathini. Gari lilikuwa na mia moja na themanini.

"Limezidi hamsini," alisema. "Ishirini na tano kila upande."

"Vizuri. Kioo lazima kitokeze kupita hapo. Hivi vyako vimetokeza kumi na tano tu. Unatazama mapazia yako mwenyewe!"

Mwalimu alicheka, na mkewe akamkata jicho.

Mchana walikwenda dukani wote watatu. Breki alivikataa vioo vya mikanda ya mpira.

"Upepo ukivuma vitacheza. Chukua vyenye vibano vya skrubu, na vijaribu kwenye gari lako kwanza. Vibano visipokamata vizuri, viache."

"Mbona hiki kimevimba katikati?"

"Hicho kinaonyesha eneo kubwa, lakini gari lililo karibu utaliona kama liko mbali. Kioo bapa kinakuonyesha umbali wa kweli. Chukua hivi vyenye aina zote mbili."

"Rangi yake nyeusi tu?"

"Dada!"

Ijumaa walifunga tela kwenye gari. Mama Sindano aliketi kama dereva, akavirekebisha vioo. Mwalimu alisimama nyuma, mbali kidogo, na kitambaa chekundu mkononi. Alihama kulia, akahama kushoto.

"Nakuona, mume wangu! Shati umelifunga vifungo vibaya!"

"Bado pembeni pana sehemu isiyoonekana," Breki alimwonya. "Geuza shingo kabla ya kuhama njia. Na ukilifungua tela kutoka kwenye gari, vitoe vioo, visije vikagonga watu."

Jumamosi shemeji alifika, akanyoosha mkono apewe ufunguo. Hakupewa. Aliketi kiti cha nyuma, akanuna.

Njiani walikuta trekta linatambaa mbele yao.

"Lipite hilo!" shemeji akasema. "Barabara nyeupe!"

Mama Sindano alitazama kioo. Kilikuwa kimetulia tuli.

"Ngoja. Kuna pikipiki."

Mara pikipiki ikawapita kwa kasi. Shemeji akafunga mkanda. Mama Sindano alitazama tena, akageuza shingo, ndipo akalipita trekta. Aliona fahari, na hakuificha. Akaanza kuimba.

Walipofika ziwani walishuka wote kunyoosha miguu, na mlinzi akamwendea shemeji.

"Dereva, tela liingie kinyumenyume, pale kati ya ile miti miwili."

Mwalimu alifungua kinywa, lakini mdogo wake akamwahi.

"Dereva si mimi," alisema, kwa sauti iliyowafanya watu wote waliokuwa pale wageuke. "Dereva ni shemeji yangu. Wewe sogea tu, umpe nafasi."

Mama Sindano akarudi kwenye usukani, akatazama kioo cha kulia, akatazama cha kushoto, akaliingiza tela bila kurudia.