Lifti Inayosimama Ghorofa ya Nne

Mapenzi hayana adabu, huanza popote. Haya yalianza saa sita mchana, ukumbi wa chini wa hospitali kubwa, watu wamebanana mbele ya lifti na kila mmoja anadai mgonjwa wake ndiye mahututi zaidi.

Mlango wa lifti ulikuwa wazi nusu. Ndani alichuchumaa mwanamume wa makamo, ovaroli la buluu, kalamu ya risasi sikioni, akizisemesha nyaya kama mtu anayembembeleza mtoto ale. Mbele yake alisimama mwanamke aliyevaa koti jeupe juu ya gauni la kijani, amekumbatia kisanduku cha vichupa vya damu.

"Fundi, bado dakika ngapi?"

"Kumi."

"Hiyo kumi umeisema dakika kumi na nne zilizopita."

Akainua uso. "Kumbe kuna mtu ananihesabia!"

"Ndiyo kazi yangu. Nahesabu."

"Unahesabu nini, dada?"

"Vitu ambavyo wewe huvioni. Funga huo mlango twende."

"Hata ukinitukana, mlango usipofunga sawasawa lifti hii haiendi. Imeapa."

Yule mwanamke, ambaye maabara nzima ilimwita Bi Hesabu, akacheka bila kupenda. Mlango ukakubali kufunga, lifti ikaanza kupanda na Fundi akiwa humo. Waliopanda naye walibonyeza sita na tisa tu. Lakini lifti ilipofika ya nne ikasimama, mlango ukafunguka kwenye korido ya wodi ya watoto. Hakukuwa na mtu. Harufu ya dawa ikaingia.

"Nani kabonyeza nne?" Fundi aliuliza.

"Labda yupo anayetaka kupanda," Bi Hesabu akatania.

Fundi hakucheka. Alikuwa amebadilisha kila kifaa cha lifti ile, na bado ilisimama pale ilipojisikia.

Siku ya tatu simu ya Bi Hesabu ikaita. "Umenihesabu ngapi leo?" Mwanamke hakuuliza ni nani. Akajibu, "Moja tu, tena pungufu." Basi yakawa hayo. Simu asubuhi, simu mchana, "umekula, mpenzi?", "na wewe, kipenzi, umeshatoka shimoni?" Shimo lenyewe ni lile la lifti, alikoshinda Fundi. Miezi minane, Mama Pacha, mwenzake wa meza ya pili pale maabara, akawa anaziba masikio kwa pamba ya hospitali.

Bi Hesabu alikuwa na miaka thelathini na minane. Alimtaka mwanamume huyu kwa moyo wote, na Mungu akijalia, alitaka mtoto wake. Lakini kila alipoligusa neno mtoto, Fundi alishika simu au alikumbuka spana aliyoisahau.

Siku moja, wameketi kwenye ngazi wakila maandazi ya kantini, Fundi alisema yote kwa mkupuo.

"Nilikuwa na binti. Aliishi miezi saba. Alifia hapo juu, ya nne. Walisema ana kromosomu moja ya ziada, na moyo una tundu. Mama yangu akasema kwetu hakuna ugonjwa huo, hiyo ni damu ya mke wangu. Alimwambia usoni, mezani. Na mimi nikanyamaza, nikaendelea kula. Mwezi uliofuata mke wangu akaondoka." Akaangalia andazi lake. "Nikiwa shimoni namsikia mtoto anakohoa. Kikohozi chake kidogo, cha paka. Miaka sita sasa. Usiniambie ni nyaya, nyaya nazijua."

Bi Hesabu hakumwambia ni nyaya.

"Huwa inatokeaje?" Fundi akauliza. "Nieleze kama mtu mjinga."

"Seli ikitaka kugawanyika, kromosomu hujipanga katikati. Nyuzi zinatoka pande mbili, zinashika kila jozi, huku na huku. Mpaka zote zishikwe, seli haivuti."

"Kama mlango wangu. Usipofunga, haiendi."

"Hivyohivyo. Ila siku nyingine uzi hushika pabaya, na ulinzi wa seli hauoni kasoro, maana kushikwa imeshikwa. Au kile kinachozishikanisha kinachakaa. Kwenye yai la mwanamke kinawekwa hata hajazaliwa, kinangoja miaka yote hiyo. Kikilegea kabla ya wakati, jozi nzima inavutwa upande mmoja. Mtoto anapata tatu badala ya mbili."

"Na damu ya baba haihusiki?"

Hapo Bi Hesabu alisita. Uongo hakuujua. "Mara chache sana. Wapo watu wamebeba kromosomu zilizokatika zikaungana vibaya. Wenyewe wazima, watoto ndio wanaumia."

"Basi nipime. Nataka kukuoa, mpenzi. Lakini kama ubovu uko kwangu, sikuletei msiba ule nyumbani kwako. Nipime wewe mwenyewe, macho yako ndiyo ninayoyaamini."

Damu ikatolewa, ikafika maabara. Sasa, maabara ile ilikuwa na sheria ya zamani. Kila damu ilihesabiwa na watu wawili, kila mmoja peke yake kwenye hadubini yake, seli ishirini, bila kusemeshana. Wakimaliza, wote wawili husaini juu ya gundi ya bahasha. Na mtu hahesabu damu ya mtu wake. Jicho lenye mapenzi hupata kromosomu arobaini na sita, idadi ya mtu mzima wa afya, hata pale zisipokuwepo. Ikikufikia damu hiyo, unajitoa, unaandika kwenye daftari, na majibu hupewi wala huulizi.

Bi Hesabu alipoliona jina kwenye kichupa, uso ulimwiva. Alimsukumia Mama Pacha. "Chukua, mimi siigusi." Akaandika kwenye daftari alichotakiwa kuandika, akalifunga upesi kama mwanafunzi aliyekamatwa na barua. Kwa Fundi hakusema neno. Aliona haya, na sababu ya haya hiyo mtaijua. Ndilo kosa lake, na lilimgharimu.

Fundi alipokwenda dirishani kuchukua bahasha, aliigeuza akaona saini mbili, na zote za watu wengine.

"Bi Hesabu mbona hajasaini?"

Karani, mdomo hauna kufuli, akajibu, "Alikataa hata kuishika. Alimsukumia mwenzake, uso umembadilika. Mi' sijui kaona nini."

Fundi alijua kaona nini. Bahasha hakuifungua. Aliikunja, akaitia kwenye mfuko wa ovaroli, akaomba kampuni impangie majengo mengine. Akatuma ujumbe mmoja: *Nimeelewa. Usijilazimishe. Nakutakia heri.* Kisha akazima simu.

Bi Hesabu aliusoma mara kumi na moja. Alipiga, namba haipatikani. Alimtazama Mama Pacha, na Mama Pacha akatazama hadubini yake. Zile siku zilimla. Alidhani majibu yametoka mabaya, akamwazia ubovu wa kila namna, akiziona zile nyuzi hata kwenye mishono ya pazia. Na akipanda lifti, ikasimama ya nne, alijikuta anajibana ukutani kumpisha mtu asiyekuwepo.

Wiki ya nne lifti ikagoma kabisa, palepale. Fundi mpya akashindwa. Ikabidi aitwe mwenyewe. Mama Pacha akaingia maabara anahema.

"Wewe! Mtu wako yuko ya nne. Kimbia kabla hajatengeneza!"

Bi Hesabu akanyakua daftari la kujitoa akashuka ngazi mbili mbili. Alimkuta ndani ya lifti, amekonda, kalamu sikioni. Akaingia, akasimama mlangoni.

"Toka hapo mlangoni, dada. Haitafunga."

"Leo nimekuwa dada tena? Kwa nini umenizimia simu?"

"Ulikataa kuishika damu yangu. Uliona kitu."

"Sikuona kitu! Hairuhusiwi kuhesabu damu ya mtu wako. Nilijitoa!"

"Kirahisi hivyo? Mbona hukuniambia?"

"Kwa sababu ya hiki." Akamfungulia ukurasa. "Soma."

Kulikuwa na tarehe, namba ya kichupa, jina la mhesabu. Mbele ya neno *Uhusiano* palikuwa na mwandiko wake mdogo ulionyooka: *Mume wangu. Wino bado, moyo tayari.*

Fundi akasoma, akarudia.

"Wakuu wote wamesaini chini yake," Bi Hesabu alisema. "Nimechekwa mwezi mzima. Nilitaka unipose rasmi kwanza, ndipo nikuoneshe. Mambo ya kitoto, najua."

"Kwa hiyo majibu..."

"Siyajui. Unayo wewe."

Alitoa bahasha, imechakaa kwenye mikunjo. Akampa. Bi Hesabu akairudisha. "Fungua mwenyewe. Vyovyote itakavyokuwa, mimi nimeshaandika."

Akachana. Ishirini kwa ishirini, arobaini na sita, kawaida. Mwanamume mzima akakaa chini sakafuni.

"Haikuwa mimi," akasema. Halafu uso ukamgeuka. "Basi mama alisema kweli? Ilikuwa mke wangu?"

"Hapana! Sikiliza. Huko nako ni kutafuta mwizi kwenye nyumba isiyoibiwa. Ilikuwa seli moja, mara moja, uzi ukavuta vibaya. Hakuna mtu aliyefanya. Si damu yako, si damu yake."

"Mimi ndiye niliyefanya. Nilikula chakula changu nikanyamaza."

Hilo Bi Hesabu hakulibisha. Alimpa simu yake. Fundi alibonyeza namba ya aliyekuwa mkewe, ambayo vidole vyake havikuwa vimeisahau.

"Ni mimi," alisema. "Nakupigia kuhusu mtoto. Haikuwa damu yako. Na hata ingekuwa yako, nisingetakiwa kunyamaza siku ile. Nisamehe."

Sauti ya mwanamke ikaja taratibu, na Bi Hesabu aliisikia. "Hilo la kwanza nilikuwa nalijua. Hilo la pili nimelisubiri miaka sita." Akavuta pumzi. "Nimekusamehe. Usinipigie tena." Simu ikakatika.

Fundi alilia kwa sauti, na muuguzi mmoja akachungulia akapita zake. Alipotulia akasimama, akapangusa uso kwa mkono wa ovaroli, akaunganisha nyaya mbili, akabonyeza tisa. Taa ikawaka. Mlango ukaanza kujifunga, ukafika katikati, ukarudi. Ukajifungua wazi kwenye korido tupu.

Walitazamana. Kwa mbali, au labda hapo hapo, kikohozi. Kidogo, cha paka.

Bi Hesabu aliyesikia kwa mara ya kwanza alimshika mwenzake mkono. Fundi akasogea kando, akaacha nafasi kati yao.

"Haya, mwanangu," aliiambia ile nafasi kwa upole. "Ingia, twende."

Mlango ukafunga, lifti ikapanda.