Diski Isiyouliza

Siku ya pili ya maonyesho ya kompyuta pale Kozhikode, kusini mwa India, mvua iliwasukuma watu wote ukumbini, na mezani kwa Prajeesh hapakubaki hata pa kuweka kikombe cha chai. Alikuwa akigawa bure diski za Linux, ule mfumo wa kuendeshea kompyuta, shati lake la buluu limeganda mgongoni kwa jasho, mara mwavuli uliolowa ukamwagia maji kibodi yake.

"Jamani, kaka, nimeiua?"

"Bado inapumua," akasema, akainua macho. Mbele yake alisimama mwanamke. Sari ya pamba ya rangi ya haradali, asumini zimelegea nyweleni, na macho yaliyoanza kucheka kabla ya mdomo.

"Basi kama inapumua, nisikilize. Naitwa Rajisha, nafundisha kule milimani, Wayanad. Diski yenu niliichukua mwaka jana. Nikishaiweka, mashine inadai mtandao ili ipakue programu mpya mia nne! Kwetu mtandao unakuja ukijisikia, kama bwana harusi mwenye maringo. Nipakue mpaka nizeeke?"

"Usizeeke kwanza," Prajeesh akasema. "Nitakutengenezea ya kwako."

Akaifanya kazi hiyo kwa moyo wote. Aliifungua diski ya kawaida, akatoa programu zilizopitwa na wakati, akaweka mpya mahali pake, akaongeza herufi za Kimalayalam, lugha ya huko, na michezo ya hesabu, kisha akaifunga upya na kuijaribu. Kila jioni simu ililia.

"Umekula, fundi wangu?"

"Nimekula programu mia mbili na kumi."

"Na hizo zilizobaki unamwachia nani, mvivu wewe?"

"Nakuwekea wewe, mpenzi. Njoo tule pamoja."

Kicheko cha Rajisha kilimkaa masikioni hadi asubuhi.

Katika kujaribu, alichoka kujibu maswali yale yale kila mara. Akaandika humo ndani ya diski faili fupi ya majibu: lugha hii, saa hii, na kuhusu hifadhi ya ndani ya mashine, futa kila kitu, usiulize. Kwenye mashine yake ya majaribio, iliyokuwa tupu, hilo halikudhuru kitu. Alikusudia kuliondoa jibu hilo mwishoni. Lakini mwisho ulikuja siku ambayo Rajisha alikuwa njiani kushuka mjini, naye Prajeesh alikuwa anapiga pasi shati huku mashine ikiinakili kazi yake kwenye diski ya Rajisha. Jibu halikuondolewa.

Alimkabidhi diski hotelini, pamoja na boksi la halua. "Hata paka anaweza kuiweka. Bonyeza mara moja, kanywe chai." Rajisha akamshika mkono chini ya meza, kwa mara ya kwanza.

Baada ya siku tatu simu ikalia mchana.

"Prajeesh, imefuta."

"Imefuta nini?"

"Nyimbo." Sauti yake ilikuwa ndogo. Kwa miaka miwili yeye na wanafunzi wake walikuwa wakiwarekodi bibi wa kijijini, nyimbo za kupanda mpunga, kwa lugha isiyo na vitabu. Zote zilikuwa kwenye mashine ya ofisini. "Nilitaka Linux ikae pembeni ya mfumo wa zamani tu. Haikuniuliza kitu."

Ile faili ya majibu ikampitia Prajeesh akilini. Lakini mdomo ukawahi.

"Haiwezekani. Lazima inauliza. Utakuwa umebonyeza vibaya."

"Mimi?"

"Hutokea, mpenzi. Ulikuwa na haraka."

Rajisha akasema polepole: "Labda. Labda ni mimi."

Nusu saa baadaye Prajeesh aliifungua faili yake, akalikuta lile jibu limekaa pale pale, kwa mkono wake mwenyewe. Simu ilikuwa pembeni. Hakuigusa. Rajisha alipopiga jioni, aliiacha ilie mpaka ikanyamaza. Kesho yake vilevile. Siku ya nane ukaja ujumbe: "Nimesimama mbele ya wazazi wa wanafunzi nikaomba radhi. Bi Chirutha, yule mwimbaji wetu, kanishika kichwa, kaniambia mwanangu usilie. Wewe usijisikie vibaya. Asante kwa yote uliyonisaidia."

Lile neno asante lilimchoma kuliko tusi. Alfajiri akapanda basi la milimani.

Aliwakuta walimu wote katika ofisi ya shule, Rajisha katika sari ya kijivu, nywele hazina ua. Prajeesh hakuketi.

"Hakubonyeza vibaya," akasema. Masikio yalimwaka moto. "Mimi niliiamuru diski ifute bila kuuliza, nikasahau. Alipopiga simu nikamsingizia."

Mwalimu mkuu, mzee Kuriakose, akavua miwani. "Kijana, huyu dada amelia mbele ya wazazi mia."

"Najua, mwalimu."

Rajisha akatoka nje hadi barazani. Prajeesh akamfuata.

"Kusahau nakusamehe sasa hivi," alisema bila kugeuka. "Lakini siku nane nimejiona mjinga. Uliponiambia nimekosea, ulijua?"

Angeweza kusema hapana. "Nilihisi. Baada ya nusu saa nikajua."

"Na ukala, ukalala."

"Nikala, nikalala."

"Nenda kwenu, Prajeesh."

Hakwenda mara moja. Siku tatu alikaa na ile mashine, akaokoa nyimbo kumi na moja katika sitini. Baadaye kila Jumapili alipanda milimani na kinasa sauti. Rajisha alizungumza naye habari za kazi tu.

"Huyu ndiye aliyemeza nyimbo zetu?" Bi Chirutha akauliza siku ya kwanza, na akina bibi wakaangua kicheko. Prajeesh akainamia nyaya zake. Waliimba upya walizozikumbuka. Za dada yake Bi Chirutha hazikurudi. Dada huyo alikuwa amefariki mwezi mmoja kabla ya diski ile.

Miezi saba ikapita hivyo. Jumapili moja Rajisha akaja kuketi ngazini karibu naye, akamletea chai.

"Baba yangu ameuliza wewe ni nani."

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia yote. Hata ile simu."

Prajeesh akatazama miguu yake. "Akasemaje?"

"Alimaliza chai yake kwanza. Halafu akauliza kama unakula samaki."

"Nakula," akajibu.

"Basi Jumapili ijayo hicho kinasa sauti kiache nyumbani," Rajisha akasema, akiukunja upindo wa sari. "Mlete mama yako, aje azungumze na baba."