Neno la Kumwita Tope

Kila asubuhi mama alipojiandaa kwenda kazini, chumba chao kilijaa harufu ya chai na sabuni. Alikuwa dobi katika hoteli, na sabuni ilikuwa imemwingia hadi kwenye kucha. Aliweka chupa ya chai kwenye stuli kando ya kitanda, akaegemeza magongo ukutani mahali ambapo binti yake angeyafikia, akamimina maji kwenye bakuli la mbwa. Kisha alisimama mlangoni.

"Chiriku, usishuke ngazi."

"Sawa, mama."

"Usijaribu hata kidogo. Na huyo mbwa asibweke."

"Sawa, mama."

Mlango ukafungwa. Nyayo za mama zikashuka kutoka ghorofa ya tatu, zikafifia, zikapotea.

Chiriku ni jina alilopachikwa nyumbani kwa sababu ya maneno mengi. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Mguu wake wa kulia ulikuwa ndani ya plasta hadi gotini, kwa kuwa alipanda ukingo wa ngazi za shule na kuteleza nao kama mtu aliyepanda farasi, mchezo ambao mwalimu aliukataza mpaka akachoka kuukataza. Sasa dunia yake yote ilikuwa chumba kimoja: kitanda, meza, jiko la kwenye kona, na dirisha lenye nondo lililotazama ukuta wa jengo la jirani. Alipochuchumaa kwa mguu mmoja na kupinda shingo, aliona kipande cha anga kisichotosha hata kushona leso.

Mfungwa wa pili alikaa chini ya kitanda. Aliitwa Tope, kwa rangi yake. Mjomba, dereva wa lori, alimkuta amefungwa kwa waya katika ghala tupu, mbavu zinahesabika. Alimleta kwa dada yake kabla ya kuanza safari ndefu.

"Mfundishe adabu, Chiriku," mjomba alisema. "Nikirudi nimkute amekuwa mtu."

Lakini Tope hakutaka kuwa mtu. Aliogopa ndoo, aliogopa ufagio, na zaidi ya yote aliogopa nyayo. Kila mtu alipopita kwenye ngazi, alibweka mpaka sufuria zikatetemeka.

Jioni moja mwenye nyumba, bibi mmoja aliyeishi ghorofa ya chini yao, alipiga hodi na kuingia kabla ya kukaribishwa.

"Mama Chiriku, nyumba hii ina wagonjwa, ina watoto wachanga, na inanihifadhi na mimi. Nikisikia tena kelele, mbwa atatoka. Mbwa asipotoka, mtatoka nyote."

"Tuvumilie, mama," mama alijibu kwa unyonge. "Binti yangu anamfundisha."

Siku iliyofuata Chiriku aliketi kitandani akaamuru, "Tope, njoo!" Mbwa hakujitingisha. "Njoo, wewe! Huna masikio?" Tope alijikunyata zaidi. Mara nyayo zikasikika kwenye ngazi, naye akaanza kubweka. Akamega mkate, akaushusha mpaka sakafuni, akalainisha sauti: "Njoo, Tope. Njoo, baba."

Mbwa akatoka, tumbo likiburura sakafu. Alipounyooshea mkate ulimi, Chiriku alimdaka shingoni, akachukua utepe alioupasua kwenye shuka kuukuu na kumfunga mdomo. Kukawa kimya.

"Leo vipi?" mama aliuliza aliporudi. Utepe ulikuwa tayari chini ya godoro.

"Kimya kabisa! Ameshanielewa. Nikisema njoo, anakuja."

Mama alimkumbatia, akacheka kwa mara ya kwanza tangu mguu uvunjike. "Wangu ndiye huyu," alisema. Chiriku naye akacheka, huku mkono wake ukiusukuma utepe ndani zaidi chini ya godoro.

Uongo ni kama mkeka: ukishautandika, lazima ukae juu yake. Kila siku mama alipoondoka, Chiriku alisema "njoo" na kumfunga mbwa mdomo. Kila jioni alimfungua na kutoa habari njema. Mama alizipeleka kwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba akasema vizuri, Jumamosi atapanda aje kumwona huyo mbwa msikivu kwa macho yake.

Kadiri Jumamosi ilivyokaribia, ndivyo chumba kilivyozidi kuwa kidogo. Tope sasa alitetemeka kila aliposikia neno "njoo", na Chiriku ilimbidi amvute kwa gongo kutoka chini ya kitanda. Hakumtazama tena machoni. Kisha siku moja mbwa akakataa kula. Chiriku alipomsogeza kwenye mwanga aliona manyoya ya mdomoni yametoka, na mahali pa utepe pana kidonda chekundu.

Akakaa sakafuni, mguu mzito umenyooka mbele yake. Angesema mbwa amejigonga? Angesema ni panya? Kila uongo alioufikiria ulihitaji mwingine wa kuutegemeza. Mlango ulikuwa pale pale, lakini hata kama ungefunguka asingeweza kushuka, na hata kama angeweza kushuka asingekuwa na pa kwenda. Tope alikuwa amemgeuzia mgongo. Walikaa hivyo mchana kutwa, kila mmoja na kona yake.

Jioni mama alirudi na chungwa. "Zawadi ya mwalimu wa mbwa," alisema, akalimenya taratibu na kumpa kipande.

Chiriku alikirudisha kwenye kiganja cha mama.

"Mama, Tope hajui kitu," alisema, na machozi yakamtoka. "Nilikuwa namfunga mdomo. Nimemuumiza."

Akavuta utepe kutoka chini ya godoro. Mama aliushika, akautazama, akamtazama mbwa.

"Nilisimama mbele ya mwenye nyumba," alisema, "nikamwambia mtoto wangu haongopi."

Aliweka chungwa mezani, akatoka. Aliporudi aliongozana na daktari wa wanyama, mwanamke mrefu mwenye duka la dawa za mifugo mtaani kwao. Daktari alikaa sakafuni bila kumkaribia mbwa, akasubiri mpaka Tope alipomnusa vidole mwenyewe. Ndipo alipompaka dawa.

"Ulikuwa unamwitaje?" alimuuliza Chiriku.

"Njoo."

Kusikia hivyo, Tope alirudi uvunguni mbio.

"Umeona? Neno hilo limeoza, mwanangu. Yeye hajui Kiswahili. Anajua tu kinachofuata baada ya neno. Ulisema njoo, yakafuata maumivu. Sasa tafuta neno jipya, lisilosemwa ovyo humu ndani, na kila ukilisema, jambo jema lifuate. Kila mara. Ukimdanganya hata mara moja, umeanza upya."

Chiriku alifikiri. "Ndizi," alisema.

Daktari alicheka. "Haya, ndizi."

Bado kulikuwa na jambo moja, nalo mama hakulisahau. Alimbeba binti yake mgongoni, plasta ikining'inia, akashuka naye ghorofa moja mpaka kwa mwenye nyumba. Chiriku alimwamkia shikamoo, kisha akasema yote bila kuruka hata utepe.

Bibi aliitazama ile plasta. "Umeletwa au umekuja?"

"Nimebebwa, bibi. Lakini nimekuja."

Mdomo wa bibi ulicheza kidogo. "Nitangoja mpaka plasta itolewe. Baada ya hapo sitaki hadithi."

Kazi ikaanza, na ilikuwa kazi kweli. Siku za mwanzo Tope hakutoka uvunguni. Chiriku alijilaza sakafuni, akatazama pembeni, akasema "Ndizi" na kurusha kipande cha mkate. Mkate ulibaki pale mpaka alipogeuka. Baadaye ukaanza kupotea. Baadaye zaidi akasikia pua baridi kwenye kiganja chake, akazuia pumzi kama mtu aliyetuliwa na kipepeo. Nyayo ziliposikika kwenye ngazi, alimwekea mbwa chakula mbele ya pua kabla hajafungua mdomo kubweka. Kuna siku alibweka hata hivyo, na bibi akagonga dari kwa mpini wa ufagio. Kuna siku Chiriku alikasirika, akataka kumvuta, akajizuia kwa kuikalia mikono yake.

"Wewe huna pa kwenda, na yeye hana pa kwenda," mama alimwambia. "Haraka ya nini?"

Taratibu Tope alianza kulala ubavuni mwa plasta. Alipenda kuiegemezea kidevu. Nyayo zilipopita, aliinua masikio, akamtazama Chiriku, akangoja. Chumba hakikuongezeka hata inchi moja, lakini Chiriku hakuchungulia tena sana kile kipande cha anga.

Asubuhi moja, mama akiwa bado hajaondoka, mwenye nyumba alipanda na fundi bomba kutazama mfereji wa maji uliokuwa ukivuja mbele ya mlango wao. Mlango uliachwa wazi. Fundi aliteleza kwenye maji, na bomba la chuma likaanguka kwenye saruji kwa kishindo. Tope aliruka kama risasi, akapita katikati ya miguu ya bibi na kushuka ngazi. Geti la chini lilikuwa wazi, na nje ya geti malori yalikuwa yakipita.

"Mkamateni!" bibi alipiga kelele. Fundi alikimbia nyuma ya mbwa, na kadiri buti zake zilivyolia kwenye ngazi ndivyo Tope alivyozidi kukimbia.

Chiriku alijikokota kwa magongo mpaka kwenye ukingo wa roshani ya nje ya mlango, iliyotazama ua. Chini aliona mgongo wa rangi ya tope ukivuka ua. Hakuweza kushuka. Hakuweza kukimbia. Alikuwa na neno moja tu. Akajilazimisha kutoa sauti ile ile ya sakafuni, sauti ya furaha.

"Ndizi!"

Wapita njia wakainua vichwa. Mchuuzi mmoja akasimamisha mkokoteni wake. Getini, Tope alisimama, mguu mmoja hewani.

"Fundi, simama, tafadhali! Usimfukuze!" Kisha tena, taratibu: "Ndizi, Tope. Ndizi."

Lori likapita likitimua vumbi. Vumbi lilipotulia, mbwa alikuwa amegeuka. Akampita fundi kwa mbali, akazipanda ngazi zote, akaja kujibana kwenye plasta akihema.

Chiriku alijishusha sakafuni. Akatia mkono mfukoni, na uso ukambadilika. Mfuko ulikuwa mtupu.

"Bibi, samahani, una kitu chochote cha kula?" aliuliza kwa haraka. "Nimemwita. Lazima nimpe."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, bibi. La sivyo nitakuwa nimemdanganya."

Bibi alipekua mkoba wake, akatoa biskuti iliyofungwa kwenye karatasi. Badala ya kumpa Chiriku, aliinama polepole, akishika kiuno, akainyoosha mwenyewe. Tope aliinusa, akamtazama Chiriku, akaipokea kwa ncha ya meno.

"Lo!" bibi alisema. "Ana adabu kuliko wapangaji wangu." Alijiinua, akamgeukia mama. "Mama Chiriku, mbwa abaki. Lakini huo mfereji lazima utengenezwe leo."

Walipobaki peke yao, mama aliketi sakafuni karibu na binti yake. Angechelewa kazini, na kwa mara hiyo moja hakujali.

"Unajua kwa nini amerudi?" aliuliza.

"Kwa sababu ya mkate?"

"Mikate iko mingi mtaani. Amerudi kwa sababu tangu ulipoanza kumwambia ndizi, hukumwongopea hata siku moja. Na sisi watu ndivyo tulivyo, mwanangu. Kuaminiwa hakupatikani kwa kufunga mdomo wa mtu wala kwa maneno matamu. Kunajengwa kidogo kidogo, na ukweli ndio tofali lake. Ulipoubomoa ukuta huo, uliona tabu ya kuujenga upya. Usiubomoe tena."

"Sitaubomoa, mama."

Mama aliinuka, akachukua mkoba wake na kuelekea mlangoni. Siku hiyo hakusema habari za kubweka. Alisema tu, "Haya, tutaonana jioni," na kuuacha mlango wazi kidogo ili upepo wa asubuhi uingie.