Mchuzi wa Mlango Uliofungwa

Jina lake la shuleni lilikuwa jingine kabisa, lakini nyumbani walikuwa wakimwita Sitaki. Kaka yake ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu ndilo neno alilolijua hata kabla ya kujua kusema "mama". Sitaki mchicha. Sitaki karoti. Sitaki kabichi, hata kama kabichi yenyewe imejilalia pembeni ya sahani haina habari na mtu. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, miguu mirefu ya mbio, na ulimi uliochagua chakula kama bibi harusi anayechagua kitambaa.

Kila jioni, baada ya kunawa mikono, mama yake alimpakulia wali na mchuzi, kisha akamwekea kijiko kimoja cha mboga pembeni. Mama alikuwa fundi cherehani, mtu wa kutaka kila kitu kikae sawasawa.

"Hutoki hapa mezani mpaka hicho kijiko kiishe," alisema. Halafu akainuka kufuata chumvi. Mama alikuwa mtu wa kusahau sana chumvi.

Hapo ndipo Bibi alipofanya kazi yake. Bibi, mama mzazi wa baba yake, aliketi ubavuni mwa Sitaki. Mama akigeuza mgongo tu, kijiko cha Bibi kilipita kama mwewe, mboga ikahama sahani. Bibi alitafuna bila kutikisa shavu, akamkonyeza mjukuu wake kwa jicho la kushoto. Mama aliporudi, alikuta sahani safi.

"Umekula mboga?" aliuliza.

"Nimekula, Mama," Sitaki alijibu, akimtazama usoni bila kupepesa.

Mboga moja tu ndiyo iliyomshinda Bibi, nayo ni bamia. Siku ya bamia, Bibi huumwa jino. Siku nyingine zote alikuwa shujaa.

"Mimi na wewe ni pete na kidole, mke mwenzangu," Bibi alimnong'oneza. "Anayekuudhi wewe kaniudhi mimi."

Basi niambieni, mtoto atampenda nani zaidi ya huyo?

Tena Bibi ndiye aliyepika mchuzi ambao Sitaki aliupenda kuliko vyote: mwekundu, mzito, wenye utamu wa mbali, mchuzi wa kulamba sahani mpaka maua yake yafutike. Aliupika peke yake, na mlango wa jikoni ameufunga kwa komeo.

"Mchuzi wangu una haya," alisema. "Ukitazamwa unakatika. Kaa hapo ngazini, mlinzi wangu, asiingie mtu."

Na Sitaki alikaa ngazini akaulinda ule mlango. Kaka akija kutafuta maji, anafukuzwa. Paka akija, anafukuzwa.

Siku moja wakati wa mapumziko, wanafunzi walikuwa wamejazana kwenye bomba la shule. Sitaki alikuwa ametoka kushinda mbio, na ushindi ulimpanda kichwani.

"Mimi mboga sijui hata ladha yake," alijigamba. "Na niambieni, nani kati yenu amewahi kunipita? Nyie wala majani mnakijua kisogo changu tu!"

Kwenye foleni alikuwamo msichana waliyemwita Redio, binti wa mama muuza mboga wa pale njia panda. Walimwita hivyo kwa sababu habari ikiingia kwake haikosi kutoka.

"Hujui ladha ya mboga? Wewe?" Redio aliuliza, akafunga bomba ili asikike vizuri.

"Mimi."

"Na lile boga analonunua bibi yako kwa mama? Na karoti? Na mchicha? Kila mara anasema, 'Nichagulie laini laini, mjukuu wangu asije akashtuka.' Anaviponda vyote, anavitia kwenye mchuzi wako! Sisi wote tunajua. Hata muuza mkaa anajua."

Kicheko kililipuka pale bombani. "Bi Boga! Bi Boga!"

"Muongo wewe! Bibi yangu hawezi!"

"Kamtazame basi," Redio alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma. "Mlango una komeo, dirisha je?"

Jioni ile Bibi alimwambia kama kawaida akae ngazini. Sitaki alikaa. Alijaribu kukaa moja kwa moja. Aliona hata aibu kumshuku Bibi kwa maneno ya Redio. Lakini neno likishaingia sikioni halitoki kwa kupigwa kibao. Akainuka, akazunguka nyuma ya nyumba, akageuza karai la kufulia, akasimama juu yake na kuchungulia dirishani.

Boga lilikuwa limeshachemshwa, linang'aa kama jua la asubuhi. Bibi alikuwa akikuna karoti na kuimba. Na pale kwenye kinu, akitwanga mchicha, alikuwa Mama! Mama ambaye Sitaki aliambiwa yuko kwa mteja, anapima gauni.

"Usizidishe mchicha, mkwe wangu," Bibi alisema. "Juzi rangi ilitaka kutuumbua."

"Akiuliza mbona leo mzito?"

"Mwambie nyanya zimeiva sana. Mlinzi wetu anaamini kila kitu."

"Na kijiko chake cha mezani?"

"Nitakila mimi. Wewe kasahau chumvi tu, kama kila siku."

Wakacheka, wale wanawake wawili, wakasukumana mabega kama wasichana. Vyote vikaingia sufuriani. Nyanya zikavifunika.

Sitaki alishuka kwenye karai polepole. Lau Bibi angempiga kofi, lisingemuuma hivyo. Kofi unaliona mkono unapoinuka. Alirudi ngazini, akakaa pale pale alipokuwa akilinda. Sasa alijua kwamba mlinzi ndiye aliyekuwa akiibiwa. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba wakati mwingine huimba huku kikikula.

Mezani, Mama alipakua chakula. Akaweka kijiko cha mboga. Akaanza kuinuka.

"Chumvi iko mbele yako, Mama," Sitaki alisema.

Mama akabaki nusu amekaa, nusu amesimama.

"Na wewe Bibi, usichoke kukonyeza. Nimeona. Boga, karoti, mchicha. Nimeona vyote." Akamgeukia baba yake. "Baba, ulijua?"

Baba, fundi baiskeli, mtu wa maneno machache, alizitazama punje za wali kana kwamba zina hitilafu.

"Kaka?"

"Mimi ndiye ninayebeba boga," kaka alisema. "Usinitazame hivyo! Hata paka anajua. Umewahi kumwona akidoea mchuzi wako?"

Hakuna aliyecheka. Sitaki aliusukuma ule mchuzi mpaka katikati ya meza.

"Mmekuwa mkinila kisogo nyumba nzima. Mimi nakaa mlangoni kama mjinga, ninyi humo ndani mnanicheka!"

"Tulitaka uwe na afya," Mama alisema. "Ulikuwa hugusi mboga kabisa. Ungefanyaje wewe? Na kama ni kudanganyana, mwanangu, nani aliyekuwa akinitazama usoni kila jioni akisema, 'Nimekula, Mama'? Mchezo ulipokuwa wa kunidanganya mimi, uliuona mtamu."

Neno hilo lilikuwa la kweli, kwa hiyo liliuma maradufu. Sitaki aliondoka mezani.

Tangu siku hiyo hakula kitu chochote nyumbani ila kilichokuja na ganda lake. Ndizi, sawa. Chungwa, sawa. Yai la kuchemsha, sawa, lakini kwanza alilizungusha mbele ya dirisha kutafuta kama lina tundu. "Yai halina mlango wa kufunga," alisema. Viazi vitamu alivimenya mwenyewe. Maji aliyateka mwenyewe.

Bibi alimletea bakuli la wali. "Mtupu kabisa, mjukuu wangu. Hauna kitu."

"Hata mchuzi ulisema ni nyanya."

Bibi akalifunika bakuli kwa kiganja. Akaondoka nalo.

Shuleni nako mambo yalikwenda upogo. Tumbo lenye ndizi na hasira halikimbii. Kwenye mazoezi Redio alimpita, akageuka, akashangaa mwenyewe. "We, unaumwa?" aliuliza. Sitaki akasema ameteleza. Uwanja ulikuwa mkavu.

Jumamosi asubuhi alisikia kelele mlangoni mwa jikoni: kwaruu, kwaruu. Alipotoka alimkuta Bibi amepiga magoti, bisibisi ya Baba mkononi, miwani imeshuka puani. Alikuwa akifungua skrubu za komeo. Skrubu ya mwisho ilikuwa na kutu, naye aliitukana kwa sauti ndogo mpaka ikakubali. Komeo likaanguka. Akaliokota, akampa Sitaki.

"Kaa nalo wewe," alisema. "Mimi nilidhani nafunga mlango wa jikoni. Kumbe nilikuwa nakufungia wewe nje. Leo upike wewe. Vitu vyote vimo kapuni. Nyama mama yako ameshaikata. Tia unachotaka, acha usichotaka. Mimi nitakaa ngazini."

"Nitafunga mlango."

"Funga. Sasa hauna komeo, egemeza kiti."

Sitaki aliegemeza kiti. Alikaanga vitunguu kama alivyozoea kumsaidia Mama, akatia nyanya, akatia nyama na maji, akafunika. Mboga hata moja hakuigusa. Mchuzi ulipoiva aliuonja.

Ulikuwa mwekundu. Basi, hiyo ndiyo sifa yake. Ulikuwa mkali wa nyanya, tena ulipwaya kama gauni la kuazima. Akaongeza chumvi. Ukawa mkali wenye chumvi.

Alisimama pale na mwiko, akiukumbuka ule utamu wa mbali. Akatazama kapu. Huku akinuna kana kwamba kuna mtu anamtazama, alikata kipande cha boga, akakichemsha, akakiponda, akatia. Akaonja. Akatia karoti. Akaonja. Mchicha alitia kiganja kimoja tu. Mchuzi ukashika kijiko, na ule utamu ukarudi nyumbani kwake. Kumbe hata ulimi wake ulikuwa kwenye njama! Miaka yote ulipenda boga, haukumwambia.

Chini kabisa ya kapu palikuwa na fungu la bamia alilonunua Mama.

Sitaki alilitoa. Wazo likamjia, na lilikuwa tamu kuliko mchuzi. Dawa ya moto ni moto. Alizikatakata ndogo ndogo, zisionekane, akazikusanya kiganjani, akazipeleka juu ya sufuria. Bibi atakula, atasifu, kisha ataambiwa mbele ya watu wote. Naye aone inavyokuwa.

Ndipo akasikia sauti ngazini.

"Rudi huko huko!" Bibi alikuwa akimkemea kaka. "Hapiti mtu hapa. Mpishi wangu asisumbuliwe."

"Bibi, nataka maji tu."

"Kanywe kwa jirani!"

Sitaki alichungulia pembeni ya mlango. Bibi amekaa pale pale alipokuwa akikaa yeye, amempa mgongo, mikono magotini, analinda kwa moyo wake wote. Sitaki aliujua mgongo ule. Ulikuwa mgongo wa mtu anayeamini.

Aliziondoa bamia juu ya sufuria. Akachukua kikaango, akazikaanga na kitunguu, akaziweka kwenye bakuli lake peke yake.

Mezani wote waliketi. Sitaki alipakua akiwa amesimama.

"Mchuzi huu una boga, karoti na mchicha kidogo. Nimetia mwenyewe, na asiyetaka aseme. Na hii," akachota kijiko kimoja, akakiweka kwenye sahani ya Bibi, "ni bamia. Sikufichi. Hutoki hapa mezani mpaka hicho kijiko kiishe."

Kaka alipaliwa. Bibi akashika shavu. "Mjukuu wangu, hili jino..."

"Jino hilo uling'olewa mwaka jana, Mama," Mama alisema. Kisha akaanza kuinuka. "Ngoja nikalete chumvi."

"Kaa chini!" wote wakapiga kelele, hata Baba.

Bibi alifumba macho, akala. Shingo yake ilifanya safari ndefu. Alipofumbua macho alikuwa na machozi, na sijui yalikuwa ya bamia au ya jambo jingine.

"Inateleza," alisema. "Inashuka bila kutafunwa. Uongo nao huwa hivyo hivyo, ndiyo maana nilikulisha mwingi bila wewe kujua. Nisamehe. Mboga zilikujenga, hilo silikanushi, na miguu yako ni shahidi. Lakini nilijenga mwili wako huku nabomoa imani yako, na mimi na mama yako hatukuwa na haki hiyo. Mtoto asiyependa mboga haitwi gizani, huitwa jikoni. Apewe kisu na mwiko, aonje, achague. Atakachokipika mwenyewe atakila."

"Nisamehe na mimi, Mama," Sitaki alisema, akitazama meza. "Vile vijiko sikuwahi kula hata kimoja."

"Najua, mwanangu. Sisahau chumvi kiasi hicho."

Kaka alijipakulia mchuzi mara ya pili. Paka alikuja, akanusa, akaenda zake. Chini ya meza, komeo lilikuwa limelala kwenye mapaja ya Sitaki.

"Utalirudisha lini?" Bibi aliuliza.

"Bado."

Bibi akamkonyeza kwa jicho la kushoto. Sitaki hakumkonyeza. Bado, nalo hilo. Lakini alisogeza kiti chake, akakaa ubavuni mwa Bibi kama zamani, akaanza kula.