Moshi Kwenye Barabara Iliyofungwa

Kila likizo, kabla baba hajamaliza chai yake, Utingo alikuwa ameshafuta vioo vya pikapu, amejaza maji kwenye rejeta na kukaza kamba za turubai. Baba alikuwa akisambaza magodoro madukani. Jina la Utingo, yaani msaidizi wa dereva, alipewa na bibi yake kwa utani, maana binti huyu hakutaka mtu mwingine aguse kazi ya gari. Kazi aliyoipenda zaidi ilikuwa kuuliza njia. Betri ilikuwa mbovu, kwa hiyo baba hakuthubutu kuzima injini. Alibaki kwenye usukani, binti yake akashuka kuuliza.

Siku hiyo walikuwa wanamrudisha bibi kwake, na barabara kuu ilipita kando ya hifadhi ya wanyama. Mvua zilikuwa zimeshika kasi na wageni walikuwa wameadimika.

"Nimezeeka sijamwona tembo," bibi alisema. "Nikifa nitamsimulia nini marehemu mzee wako?"

Baba akacheka, akakata kona. Askari wa getini akawainulia kizuizi. "Pale kwenye dirisha la ofisi mtaambiwa njia iliyo wazi leo," alisema. "Doria hupita njia hiyo hiyo. Mkikwama, msishuke. Subirini."

Utingo akatumwa dirishani. Hakufika. Nyani walikuwa wamejaa juu ya paa la ofisi, na mmoja alikuwa ameingiza kichwa kwenye ndoo akashindwa kukitoa. Utingo alisimama akicheka mpaka baba akapiga honi, naye akarudi mbio.

"Wamesema kushoto," alidanganya. Kushoto kulionekana kuzuri.

Tembo waliwaona kweli, kundi zima, na bibi akapiga makofi kama mtoto. Mbele kidogo pikapu ikadidimia kwenye tope hadi kwenye ekseli, ikakohoa, ikazima. Simu ya baba haikushika mtandao.

"Tusihangaike," baba alisema. "Doria itapita hapa."

Jua likapanda, likaanza kushuka. Asubuhi bibi alikuwa amejichoma sindano ya kisukari, na sindano hiyo inataka chakula, la sivyo sukari hushuka mno mwilini. Chakula walipanga kula mji wa mbele. Garini hamkuwa na kitu ila chupa ya maji. Bibi akaanza kutetemeka. Jasho likamlowesha kitambaa cha kichwa.

"Mama, vumilia kidogo," baba alisema. "Watatokea sasa hivi."

Utingo alimshika bibi mkono, ulikuwa wa baridi. Yeye peke yake alijua kwamba njia hiyo hawakuelekezwa na mtu, na saa zote hizo hakuna gari lililopita. Alitaka kusema. Aliogopa hasira ya baba, na zaidi aliogopa kuambiwa hafai tena kazi ya gari. Bibi akafumbua macho, akamtazama, akamwita kwa jina la shangazi yake aliyefariki zamani. Hapo moyo ukampasuka.

"Baba, sikuuliza," alisema huku analia. "Nilikuwa naangalia nyani. Hii njia nimeibuni mimi. Hakuna doria itakayopita huku."

Baba aligeuka akamtazama. Uso wake ulimtisha Utingo kuliko kofi. Kisha akasema polepole, "Kumbe tunamngoja asiyekuja."

Akatazama nje. Tembo walikuwa bado wanaonekana nyuma ya vichaka. Hata hivyo alifungua mlango, akafungua gurudumu la akiba, akalisukuma hadi mahali palipo wazi, mbali na gari. Alichovya matambara kwenye dizeli ya tangini, akayajaza ndani ya gurudumu, akajaribu kuwasha. Njiti za kwanza za kiberiti zilikuwa zimelowa, zikakataa. Utingo alimlaza bibi mapajani mwake, akawa anamwita asilale. Mwishowe moto ukashika, na moshi mweusi ukapanda juu ya miti.

Walingoja tena, na kungoja huko kulikuwa kubaya zaidi, maana bibi alikuwa ameacha kujibu kwa maneno. Alikuwa anaguna tu. Kisha wakasikia gari. Askari wa doria walikuwa wameuona moshi upande wa barabara iliyofungwa, ambako hakukupaswa kuwa na mtu. Mmoja wao alikuwa na chai ya sukari nyingi kwenye chupa. Wakamnywesha bibi taratibu, funda kwa funda, kisha wakawakimbiza wote kwenye zahanati ya hifadhi.

Baadaye bibi aliketi kitandani akilalamika kwamba mkate wa zahanati ni mgumu. Utingo alisimama mlangoni, hakuthubutu kuingia.

"Njoo," bibi alisema. "Baba yako amenieleza yote. Sikiliza, mjukuu wangu. Kupotea njia kungetuchelewesha tu, hata madereva wakubwa hupotea. Kilichotaka kuniua ni yale masaa uliyonyamaza, maana baba yako alikaa anangoja uongo wako uje na gari. Ukikosea, sema mapema, wakati bado kuna la kufanya."

Utingo aliitikia kwa kichwa. Bibi akamega kipande cha ule mkate, akampa.

"Kula. Wewe pia hujala tangu asubuhi."