Nilichagua Baiskeli Isiyo na Breki

Saa moja na robo asubuhi. Nilikaza miguu kuzuia pedali, nazo zikazunguka kinyume... bure!

Baiskeli haikupunguza mwendo hata kidogo.

Nilikuwa katikati ya mteremko unaoanzia getini kwetu. Chini yake ni makutano, na lori la kokoto lilikuwa linakatiza.

Nielewe, msomaji. Baiskeli yangu ni fiksi. Ina gia moja, na pedali zimeshikana na gurudumu la nyuma. Gurudumu likizunguka, miguu inazunguka. Ukitaka kusimama, unalizuia kwa miguu. Breki ya mkono haina.

Asubuhi ile miguu yangu haikushika kitu.

Nikakandamiza soli ya kiatu kwenye gurudumu la nyuma. Ikanuka mpira unaoungua. Mwendo ukapungua, lakini si wa kutosha. Nikakata kona kuelekea rundo la mchanga wa ujenzi kando ya barabara...

Puuu!

Kiwiko kilichubuka. Lori likapita.

Nikakaa palepale kwenye mchanga, nikaikagua baiskeli. Kazi yangu ni kupima maji maabara. Sisemi maji ni salama kwa sababu yanang'aa. Nilichokiona ni hiki: gurudumu la nyuma lilikuwa limegeuzwa, na nati zake zilikuwa na mikwaruzo mipya ya spana.

Gurudumu halijigeuzi!

Siku ya kuinunua tulikwenda dukani watatu: mimi, mume wangu, na mdogo wangu wa kike anayeishi kwetu. Fundi anayeuza alitutolea mbili. Ya bluu, ina breki ya mbele. Nyekundu, haina.

"Dada, kwa mjini chukua ya bluu," fundi alisema. "Huku watu wanakatiza ovyo."

"Breki ya nini?" mume wangu akadakia. "Mwone mke wangu alivyo na miguu! Huyu anasimamisha treni."

"Shemeji nawe!" mdogo wangu akampiga begani, wakacheka.

"Na magoti yakichoka?" niliuliza.

"Gurudumu hili lina pande mbili," fundi alisema. "Ukiligeuza, pedali zinakuwa huru kama za baiskeli ya kawaida. Ila ukiigeuza hii nyekundu bila kuweka breki, umekwisha."

"Kugeuza ni kazi?" mume wangu akauliza.

"Spana moja tu, kaka."

Nilichagua nyekundu. Ilikuwa nyepesi, na ilikuwa na vitu vichache vya kuharibika. Uamuzi ulikuwa wangu.

Sasa fikiria nami. Jana ilisimama vizuri. Usiku baiskeli inalala ukumbini, mlango umefungwa. Ndani tuko watatu. Nitoe mimi. Aliyeidharau breki ni mmoja. Aliyeulizia kugeuza ni huyohuyo.

Mume wangu...

Lakini shaka si jibu. Nikaisukuma baiskeli hadi kwa fundi.

"Nani kakufanyia hivi?" Fundi alitoa macho. "Huyu mtu hakutakii mema, dada!"

"Irudishe ilivyokuwa. Breki usiweke leo."

"Leo unangoja nini?"

"Leo nina kipimo cha kufanya nyumbani."

Jioni nilivaa shati la mikono mirefu kuficha kiwiko. Nikawaambia wote wawili kwamba sikuipanda. Eti upepo wa tairi ulikuwa umepungua, nikaiacha kwa jirani aijaze, nikapanda gari. Hivyo aliyegeuza gurudumu angeamini bado limegeuzwa.

"Mume wangu, nichukulie mkate hapo chini. Panda baiskeli yangu, utafika upesi."

Nikamkazia macho. Kama anajua, atakataa. Atasema mguu unamuuma. Atasema anatembea...

"Leo umekuwa mkarimu!" akacheka. "Si huwa unaninyima, kama simu yako?"

Akatoka nayo getini akipiga mluzi. Akavusha mguu juu ya kiti.

Hakujua!

Nilianza kupumua. Ndipo sahani ikavunjika jikoni.

Mdogo wangu alitoka mbio, peku, mikono imejaa povu la sabuni.

"Shuka! Shuka, utakufa! Haisimami hiyo!"

Mluzi ulikatika.

"Nani amekuambia haisimami?" nilimuuliza.

Alijifuta povu kwenye gauni.

"Asubuhi nilitoka nayo mimi. Wewe ndiye uliyenifungulia geti. Ukaniambia, 'Kazi njema, dada.'"

Hakunitazama. Alimtazama mume wangu.

"Mwambie," alisema. "Mwambie basi! Mimi nimechoka kujificha."

Mume wangu alishuka taratibu. Midomo ilikuwa imempauka.

"Nilikuambia usubiri," alimwambia. "Nilikuambia nitaongea naye mwenyewe!"

"Utaongea lini? Mpaka tumbo lionekane?"

Sikupiga kelele. Niliingia ndani, nikafunga mlango, nikapiga simu mbili: polisi na fundi.

Msomaji wangu, kama unachagua fiksi ya kuendesha mjini, weka breki ya mbele hata kama miguu yako ni chuma. Na ukitega mtego, usimwangalie yule tu unayemshuku. Mimi nilimtegea mmoja, akanasa mwingine... na yule wa kwanza naye hakutoka msafi.

Polisi walifika kabla giza halijaingia. Fundi akawaeleza alivyolikuta gurudumu. Mdogo wangu hakubisha. Akaingizwa kwenye gari.

"Naweza kwenda naye?" mume wangu aliuliza.

Aliyeulizwa ni polisi. Si mimi.

Akafunguliwa mlango wa nyuma. Akapanda.