Rangi za Heroe

Kabla ya alfajiri, vikombe viligongana upande wa pili wa ukuta: ti! Mshonaji akafumbua macho. Vikombe, si kikombe.

Jirani yake, fundi wa friji, alikuwa anajiandaa kama kila Ijumaa. Walijuana sokoni, fundi alipomkanyagia kitambaa cheupe akaomba radhi mpaka wauzaji wakacheka. Sasa alikuwa ameomba ndoa, na mshonaji aliahidi kumjibu jioni hiyo.

Mshonaji akampigia simu.

"Unakwenda wapi, baba?"

"Ziwani, Sindano wangu. Ndege heroe wanapita msimu huu."

"Peke yako?"

"Lala, mpenzi."

"Na hivyo vikombe viwili, kimoja cha heroe?"

Simu ikakatika.

"Dalili ya mvua ni mawingu," alijisemea. Akavaa gauni jekundu linalombana kiunoni, ili huyo mwanamke wa kikombe cha pili amwone vizuri, akamfuata fundi kwa basi hadi jangwani.

Ziwa lilimetameta katikati ya mchanga. Ndani ya kibanda cha matete, watu wanapojificha kuangalia ndege, aliuona mgongo wa fundi. Begani kwake kimelala kichwa chenye mtandio, naye akikinong'oneza sikioni.

"Nimewakuta!"

Ndege wote wakaruka, ziwa likabaki tupu. Mwenye mtandio akageuka: bibi kizee, macho yake yamefunikwa na ukungu.

"Ni mama wa marehemu mke wangu," fundi alisema. "Anaishi hapa. Walikuwa wakiangalia ndege yeye na binti yake. Sasa haoni, namsimulia. Niliogopa utasema bado nimeoa kaburi."

"Si ungeniambia!"

"Ungekuja na mkasi."

Bibi akacheka. "Nyamazeni. Nasikia mbawa, wanarudi."

Fundi akavua koti lake la rangi ya mchanga, akalifunika lile gauni taratibu, ndege wasishtuke tena.

"Wana rangi gani, baba?" bibi akauliza.

"Pinki, mama."

"Kila wiki pinki!"

Mshonaji akapiga magoti, akaushika mkono mkavu wa bibi. "Si pinki tu, mama. Kifuani ni kama ngozi ya ndani ya kitunguu. Bawani ni wekundu wa kanga iliyofuliwa sana, na ukingoni pindo jeusi."

Bibi akatabasamu. "Hao sasa nawaona."

"Na jibu langu?" fundi akanong'ona.

"Nimekubali. Mwanamume asiyejua rangi haachwi peke yake."

Bibi hakuuachia mkono wa mshonaji. "Ijumaa uje tena, mwanangu. Huyu hata ukimwacha nyumbani, wewe uje."